Mgeni na hema lake, mwenyeji na kibanda chake

Krismasi si sikukuu yetu sisi Waislamu, lakini msimu wake hapa Pwani ni wa kila mtu. Tangu shule zifungwe hadi wiki ya kwanza ya Januari, barabara ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, haina usingizi. Wa treni huja kwa treni, wa mabasi kwa mabasi, na wenye magari yao huja kwa misafara. Hawa wa misafara ndio ninaotaka tuwazungumzie leo, kwa sababu wanazidi kuonekana na sijaona aliyekaa chini kuwapangia.

Mmewaona, bila shaka. Magari kumi au kumi na tano yanafuatana, yote yamebandikwa stika ya klabu moja kiooni. Kuna vilabu vya wenye Subaru, vya wenye magari makubwa ya kupandia milima, vya pikipiki, na siku hizi wapo wenye hema lililokunjwa juu ya paa la gari, ambalo likifunguliwa huwa chumba cha watu wawili. Husimama pamoja Mtito Andei kunywa chai, husimama tena Voi, na Ijumaa usiku wako Tiwi, Kikambala, Kilifi au Watamu. Jumatatu au Jumanne hao, warudi zao. Ni wikendi tu. Lakini ni wikendi yenye fedha, na swali la siku zote ni lile lile: zimeingia mfuko wa nani?

Kwa ninavyoona, sehemu kubwa haimfikii mwanakijiji. Wageni hulala kwenye viwanja vichache vya kambi vilivyosajiliwa, au kwenye nyumba za kukodi kwa siku ambazo wenyewe wako Nairobi au Ulaya, au hoteli huwaruhusu waegeshe uani kwa malipo. Jirani wa pale, mwenye minazi yake thelathini na kisima, atauza madafu, mkewe atauza mahamri asubuhi, mtoto atapata pesa ya kuosha gari. Wakiondoka huachiwa chupa. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wageni. Wengi wangelala kwa huyo mwenye minazi kama wangejua kwamba inaruhusiwa, na yeye angewapokea kama angejua kwamba kesho hatafuatwa na askari wa kaunti.

Hapo ndipo nilipovutwa na habari za Waingereza na vilabu vyao vya karavani.

Kwa asiyeijua, karavani ya Kiingereza ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Ina vitanda, jiko la gesi, sinki na choo kidogo. Neno lenyewe wamelitoa kwa Waajemi, ambao msafara wa ngamia waliuita karwan. Waingereza wakalichukua, baadaye wakalikata kichwa wakapata van, gari la mizigo. Sisi Waswahili tulikuwa na neno letu, msafara, na misafara yetu wenyewe iliyotoka pwani hii kwenda bara, kwa hiyo hatukuhitaji la Waajemi.

Wao walianza kuifanya starehe mwaka 1885. Dk William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa akiandika hadithi za vijana, alitengenezewa huko Bristol gari la kuvutwa na farasi akaliita Wanderer, akazunguka nalo nchi bila shughuli yoyote ila kutazama. Mwaka 1907 wenye mapenzi kama yake waliunda Caravan Club, ambayo tangu 2017 yaitwa Caravan and Motorhome Club na hujieleza kuwa yawakilisha wanachama zaidi ya milioni moja. Klabu nyingine kubwa ni ya zamani zaidi, ilianza 1901 na watu wa baiskeli waliokuwa wakibeba mahema mgongoni. Leo hiyo ndiyo Camping and Caravanning Club.

Nina binamu anayeishi Leicester. Yeye na mumewe walinunua karavani ya mtumba na kujiunga na klabu, na majira ya baridi mara moja walikwenda kwenye wikendi ya sherehe pamoja na wanachama wenzao wa mkoa. Nilimuuliza kwa simu watu wanafanya nini uwanjani kwenye baridi ile. Akacheka. Akasema unafika Ijumaa jioni, mwanachama wa kujitolea mwenye koti la kung'aa anakuonyesha pa kusimama, unapima kwa hatua mpaka iwe mita 6 kati ya karavani yako na ya jirani kwa sababu ya moto, unaunganisha waya wa umeme, unawasha kipasha joto. Jumamosi watu wanatembea mashambani na mbwa wao. Usiku wote hukutana kwenye ukumbi wa kijiji, ambao klabu imeukodi, kila nyumba na sahani yake. Kuna bahati nasibu, kuna maswali na majibu, kuna wazee wanaocheza dansi. Yeye alipeleka sufuria ya pilau na ikaisha kabla ya vyote. Wanaokunywa walikunywa, hawakumlazimisha mtu. Jumapili asubuhi kila mmoja alimwaga choo chake mahali palipowekwa, akafagia alipokuwa, na uwanja ukarudi kuwa malisho ya kondoo.

Nikamuuliza: uwanja wa nani? Akasema wa mkulima. Klabu inamlipa.

Basi nikaanza kusoma sheria yao, na ndugu msomaji, sheria yenyewe inafaa kusomwa na kila mjumbe wa bunge la kaunti hapa Pwani. Ni ya mwaka 1960, inaitwa Caravan Sites and Control of Development Act. Kwa jumla yasema kwamba hakuna kuweka karavani kwenye ardhi bila leseni ya halmashauri. Lakini nyuma yake kuna jedwali la misamaha, na humo ndimo mwenye shamba dogo anamopatia riziki. Mwenye ardhi anaweza kupokea karavani moja kwa siku chache bila leseni. Mwenye ekari 5 au zaidi anaweza kupokea hadi 3, alimradi isipite siku 28 kwa mwaka. Na klabu iliyopewa cheti cha msamaha, ambacho huko England hutolewa na taasisi ya serikali ya mazingira iitwayo Natural England, inaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, kukusanya wanachama wake mahali kwa siku zisizozidi 5, ndiyo zile wikendi za sherehe. La pili, kumpa mkulima cheti cha kupokea karavani 5 kwa wakati mmoja, za wanachama tu, mwaka mzima kama akitaka.

Karavani 5. Idadi ndogo hiyo ndiyo siri yote. Haitoshi kumvutia tajiri ajenge ukuta na lango, wala haiharibu shamba. Kwa mkulima, mjane, au mzee aliyestaafu, inatosha kulipia mafuta ya trekta au karo. Masharti ni machache: bomba la maji safi, mahali pa kumwaga choo, pa kutupia taka, njia ambayo gari litapita. Anayekagua ni klabu yenyewe, kwa kuwa jina lake ndilo litakaloharibika. Caravan and Motorhome Club peke yake ina viwanja vidogo vya namna hiyo zaidi ya 2,000. Mwenyewe hupanga kanuni zake, na wapo wanaopokea watu wazima peke yao bila watoto.

Kama makala yangekomea hapo, ningekuwa nimewapigia debe Waingereza. Sheria hiyo hiyo ya 1960 ina upande wa pili.

Uingereza ina watu ambao kwao karavani ni nyumba, na ndiyo pekee waliyo nayo. Ni jamii za Gypsy na Travellers, waliozunguka nchi hiyo kwa vizazi na vizazi wakivuna matunda, wakifua vyuma, wakifanya biashara ya farasi. Walikuwa wakisimama kwenye ardhi za wazi za vijiji na kwenye mashamba waliyofanyia kazi. Sheria ya 1960 ilizipa halmashauri uwezo wa kupiga marufuku karavani kwenye ardhi hizo za wazi, na kufanya iwe vigumu mwenye shamba kuwaweka bila leseni, leseni ambayo haikuwa rahisi kutolewa kwa ajili yao. Wakafukuzwa huku na kule. Mwaka 1968 likaja sharti kwamba halmashauri ziwatengee viwanja, na mwaka 1994 sharti hilo likafutwa. Mpaka leo kuwahamisha watu hao ni habari ya kawaida katika magazeti ya kule.

Kwa hiyo, ardhi moja, karavani mbili zinazofanana. Ya mstaafu aliyekuja kwa wikendi ina cheti na huonyeshwa pa kusimama na mtu mwenye koti la kung'aa. Ya mama aliyezaliwa ndani ya karavani huonyeshwa njia ya kutokea na polisi.

Mtu wa Pwani haitaji kufafanuliwa hili. Ametazama sinema hiyo nyumbani.

Hapa kwetu chanzo ni cha mwaka 1908, pale serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya kusajili ardhi katika ukanda wa maili kumi. Aliyeweza kufika mbele ya afisa na kuthibitisha madai yake kwa karatasi na mashahidi alipata hati. Ambaye hakufika, au hakuambiwa, au ardhi yake ilikuwa ya ukoo isiyo na jina la mtu mmoja, aliamka akakuta inaitwa ya mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi walipotea hapo. Baadhi ya Waarabu na Waswahili walipata, na tusione haya kulisema hilo kwa kuwa ni babu zetu. Baada ya uhuru vipande vya ufuo vikagawiwa wakubwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliyaandika yote haya. Ndiyo maana hadi leo, kutoka Kwale hadi Lamu, utakuta mtu ambaye kaburi la babu ya babu yake liko chini ya mkwaju uani kwake, na bado kisheria yeye ni skwota.

Sasa mweke mtu huyo jirani na msafara wa Desemba. Mgeni akitandika hema lake juu ya nyasi huitwa mtalii, hupigwa picha, hukaribishwa na waziri. Mwenyeji akikandika kibanda cha udongo umbali wa mita mia huitwa mvamizi. Asubuhi moja laja tingatinga. Mimi sijawahi kusikia tingatinga limetumwa kwa hema la mtalii.

Na ufuo wenyewe je? Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ni yako na yangu, ya mvuvi wa Msambweni na ya mgeni kutoka Nakuru. Lakini huwezi kufika kwenye mali yako kwa kuruka. Kufika kwataka njia, na njia za kushukia pwani zimekuwa zikizibwa moja baada ya nyingine, mara kwa ukuta, mara kwa lango na mlinzi, mara njia imo kwenye ramani na ndani yake mna bwawa la kuogelea. Mvuvi abeba mashine ya boti begani akazunguka nusu saa. Na siku ya mwisho wa mwaka familia zetu zote husongamana kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Mombasa, kana kwamba Mungu aliumba bahari ya mita mia nne.

Ndiyo sababu nasema suala la misafara ya sikukuu ni la ardhi kabla ya kuwa la utalii. Tukiiga upande mmoja tu wa Waingereza, tukatunga kanuni nzuri za viwanja vidogo vya kambi, watakaofaidika ni wenye hati. Na wenye hati kando ya bahari twawajua. Mwenye minazi thelathini ambaye hana karatasi atabaki na madafu yake.

Lakini kuna njia, na sehemu yake imeshawekwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina la jamii, iwe na kamati, na ikubaliane namna ya kuitumia. Katika Tana River, Lamu na sehemu za ndani za Kilifi na Kwale ardhi kama hizo zipo, usajili ndio unaojikokota. Jamii iliyosajiliwa yaweza kutenga uwanja wa magari matano au kumi bila kumuuzia mtu hata hatua moja. Palipo na skwota, kaunti na Tume ya Ardhi zimalize kwanza hadhi yao, au angalau zikubali makaazi ya muda mrefu kama msingi wa kibali cha kupokea wageni. Hilo la pili najua mawakili watalikunjia uso. Walikunje. Mtu ambaye serikali inamhesabu kwenye sensa na kumwandikisha kura kwenye kijiji hicho, haiwezi kusema haijui anakaa wapi.

Wapo watakaosema watu wa vijijini hawawezi biashara ya wageni, wataharibu jina la Pwani. Hawa waende Gazi, Kwale, wakaone akina mama waliojenga njia ya mbao ndani ya mikoko, mgeni hulipa kiingilio, hutembezwa, hulishwa samaki na wali wa nazi. Wavuke hadi Wasini, ambako wanawake wa kisiwa wana njia kama hiyo juu ya bustani ya matumbawe ya kale. Hapo hapo Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni kwa kuhifadhi mikoko, tangu 2013, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Watu hawa wanaweka hesabu, wanafanya mikutano, wanajibizana. Kusimamia bomba, choo na magari matano hakutawashinda.

Tupige hesabu ya kijijini. Tuseme gari moja lilipe shilingi 1,500 kwa usiku mmoja. Magari matano kwa siku tatu ni shilingi 22,500. Ongeza chakula, kwa sababu mtu aliyelala kwenye gari hataki kupika kila mara, ongeza kuni, boti ya kwenda kutazama matumbawe, kijana wa kulinda usiku. Kwa nyumba inayotegemea madafu, hiyo ni karo ya muhula. Na mwenye gari amelipa kidogo kuliko hotelini, kwa hiyo atarudi Aprili, atarudi Agosti.

Yapo mambo yanayonipa wasiwasi, sitayaficha. La kwanza ni choo. Ufuo wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo, na kisima cha jirani hakiko mbali. Magari matano yenye watu ishirini wakimwaga uchafu ovyo kwa siku tatu, mtaa mzima utakunywa. Uingereza sharti la choo ndilo halina mjadala, na hapa lazima liwe vivyo hivyo: shimo lililojengwa, afisa wa afya ameliona, la sivyo hakuna kibali. La pili ni maji. Kuna vijiji vinavyonunua maji kwa mtungi huku bomba linapita kwenda mjini, na itakuwa aibu mgeni aoshe gari mbele ya mama aliyetoka foleni. La tatu ni misitu ya kaya. Hiyo si viwanja vya kambi, hata klabu ije na barua ya nani. UNESCO iliitambua mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wameshaitambua muda mrefu kabla ya hapo.

Halafu kuna hili la pombe, mavazi na muziki wa usiku kucha, ambalo kila Desemba latuletea maneno misikitini. Hapa nina mawazo tofauti kidogo na maimamu wetu, kwa heshima zote. Twalalamika kila mwaka kuhusu sherehe ambazo hatuna usemi ndani yake, kwa sababu uwanja si wetu. Mkulima wa Kiingereza mwenye karavani zake tano huweka kanuni na mgeni asiyezitaka huenda kwingine. Kijiji chenye uwanja wake nacho kitaweka zake: hapa hakuna pombe, muziki mwisho saa nne, mwanamke na mwanamume wajistiri wakipita karibu na msikiti. Kutoa leseni za pombe ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na kijiji kina haki ya kusema hakitaki. Tena soko lipo. Familia za Kiislamu kutoka Garissa, Eastleigh na hata Mombasa kwenyewe hutafuta kila likizo mahali watoto wataoga baharini bila baba kulazimika kuwageuza nyuso. Nani amewawekea?

Na kupokea msafara si jambo la kufundishwa na mtu kutoka Leicester. Kila Mfungo Sita, Lamu hupokea watu wa Maulidi kutoka pwani nzima, wengine kutoka Tanzania na Visiwa vya Ngazija. Hushuka basi Mokowe, huvuka kwa boti, na mji wa vichochoro ambao gari haliingii huwatia wote ndani. Watu huhamia chumba kimoja ili wageni wapate viwili. Yupo anayelala juu ya dari, yupo anayelala msikitini. Kuna kirumbizi, mashindano ya punda na ya majahazi, na usiku kuna Riyadha. Hakuna klabu iliyotoa cheti, na hakuna anayelala njaa. Ule ni ukarimu wa dini na haufai kutiwa bei, mimi wa kwanza nitaupinga ukitiwa. Ninachosema ni kwamba ufundi wenyewe tunao: nani apokewe wapi, maji yatoke wapi, nani ajibu mgeni akiugua usiku. Pembeni ya ukarimu huo wa Maulidi, biashara ya Desemba yaweza kusimama kwa miguu yake.

Vilabu vya magari navyo vina sehemu yao. Leo ni vikundi vya WhatsApp vyenye kapteni na fulana, vingi havina zaidi ya hapo. Vikitaka kijiji kiviamini, vijisajili, viwe na kanuni za mwanachama, vitoze amana, na mwanachama akiacha taka au akivunja heshima ya watu afukuzwe na ajulikane. Mkulima wa Uingereza anampokea mtu asiyemjua kwa sababu klabu imesimama katikati yao. Kijiji chetu kimekosa mtu wa kusimama hapo katikati, na mpaka apatikane, mwenyeji atabaki akimtazama mgeni kwa jicho la pesa na mgeni akimtazama mwenyeji kwa jicho la mwizi.

Kwa upande wa serikali kuna mkanganyiko ambao kaunti zetu hupenda kujifichia. Sheria ya Utalii ya 2011 yataka biashara za malazi ya wageni zipate leseni ya taifa kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na maafisa wa kaunti husema basi, mambo ya utalii yako Nairobi. Lakini Jedwali la Nne limetaja utalii wa mashinani kuwa kazi ya kaunti, pamoja na taka, mipango ya ardhi na usafi. Kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao, JKP, na zingeweza kuandika kanuni moja ya viwanja vidogo na kwenda nayo Nairobi zikiwa na sauti moja, ziombe msamaha kwa mwenye magari yasiyozidi matano. Gharama yake ni ya kuandika na kukaa kikao. Inashangaza kwamba kwa miaka yote ya ugatuzi tumepata makongamano ya uchumi wa bahari yasiyo na idadi, na mwenye kisima na minazi hajawahi kutajiwa anachoruhusiwa kufanya uani kwake.

Mahali pa kuanzia papo karibu. Kila mwaka kaunti hupitisha sheria yake ya fedha, ile inayotaja ada moja moja: ya kuegesha, ya soko, ya machinjio, ya mabango. Kabla ya kupitishwa lazima umma uulizwe maoni. Mtu wa Tiwi, wa Takaungu, wa Ngomeni au wa Kipini akienda kwenye kikao hicho, aulize mambo mawili na aombe yaandikwe kwenye kumbukumbu. Uwanja wa magari matano ya wageni kwenye shamba la familia unalipa ada gani, na kibali chake kinatoka dirisha lipi? Na njia ya kushukia pwani iliyo kwenye ramani ya kijiji chetu itafunguliwa tarehe gani? Vikao hivi hutangazwa siku chache kabla, na mara nyingi hufanyiwa mjini, kwa hiyo wachangeni nauli ya watu wawili watatu mapema, na mmoja wao awe mwanamke wa pale penye mahamri.